Mama Mkwe Hakumbatiwi

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki wa omena kabla hujalisoma, pole. Jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Austin, fundi wa sofa wa nyuma ya Soko la Toi, alikuwa amesimama katikati ya chumba kisicho na mpangaji huko Kawangware, mikono miwili wazi, tayari kumkumbatia mama yake. Si mama wa kumzaa. Ni mama yake wa sinema, Mama Makokha, yule aliyetia sumu kwenye uji wa mumewe katika sinema ya uhalifu ambayo kundi la Makina limeihangaikia miezi saba, iitwayo Nani Alikoroga Uji? Lilikuwa onyesho la mwisho kabisa.

Mara mlango ukafunguka, akaingia Immaculate, mchumba wa Austin, amebeba hotpoti ya githeri, mahindi na maharagwe. Akamtazama yule mwanamke. Akasema, "Mama!"

Tuendelee hapo hapo, maana Austin bado amefungua mikono na imeanza kumuuma.

"Mama nani?" akauliza.

"Mama yangu."

"Wa sinema?"

"Wa kunizaa, Austin!"

Yule mwanamke aliposikia jina hilo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Austin? Austin yupi? Yule wa sofa?"

"Ndiye huyu, Mama."

"Huyu ni Jastus!"

"Jastus ni wa sinema. Huyu ni Austin. Ndiye wazee wake wanakuja kwetu Jumamosi!"

Hakuna aliyewahi kuona leso ikitoka kiunoni na kufika kichwani kwa kasi ile. Kavetsa, maana hilo ndilo jina lake halisi, mshonaji wa nguo hapo hapo Kawangware, alijifunika uso mzima, akageuka, akaelekea ukuta. Austin naye alipiga mbizi nyuma ya sofa. Sofa yenyewe aliitengeneza yeye na kuileta kwa ajili ya sinema, kwa hivyo alijua pa kujificha.

Najua utauliza. Mtu anawezaje kuigiza na mama mkwe wake miezi saba bila kumjua? Msomaji mmoja wa Ayany tayari amenitumia ujumbe akisema Austin ni mjinga. Ndugu yangu, subiri, leo bado ni mapema.

Kosa la kwanza lilikuwa la Mbula, mwelekezi wa sinema hii, mwanamke wa Kitui mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mbula ana sheria yake: ukiingia kazini, jina lako unaliacha nje na viatu. Wewe ni Jastus. Wewe ni Mama Makokha. Aliyekosea aliimba wimbo mbele ya watu. Kwa hivyo kwa miezi saba hakuna aliyemjua mwenzake kwa jina alilopewa na wazazi.

Kosa la pili lilikuwa la heshima. Kule kwao Kavetsa, Maragoli, na kule kwao Austin, Bungoma, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Austin alikuwa na adabu hiyo hadi ikapita kiasi. Kila mara Kavetsa alipokwenda kumtembelea bintiye kule Kibera, Austin alitoroka kupitia dirishani. Walikuwa wameheshimiana sana hata hawajuani sura. Naye Immaculate alijua mama yake yuko mazoezi ya kanisani.

"Dairekta," Immaculate akasema, akiweka hotpoti chini, "naomba uniambie ukweli. Hawa wawili wamefanya nini mpaka sasa?"

"Wameigiza," akajibu Mbula.

"Wameigiza nini?"

Mbula alifungua skripti. Alikuwa na wasiwasi kidogo, lakini ni mtu wa kazi, akasoma.

"Sini ya tatu, Mama anamzaba Jastus kofi."

"Yesu wangu," ikasema leso.

"Sini ya saba, wanakula ugali sahani moja."

"Na mboga ilikuwa moja," akaongeza Antony, mpiga kamera, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Ya kumi na moja, Mama anamfukuza na mwiko akiwa amevaa gauni la kulalia. Ya kumi na nne, Mama anazimia, Jastus anambeba mgongoni mpaka zahanati."

"Alimbeba?"

"Mara sita. Kamera ya Antony ilikuwa inazimazima."

Nyuma ya sofa kulitoka sauti ya mtu anayeomba ardhi ipasuke immeze. Immaculate aliketi juu ya sofa hiyo, na Austin huku nyuma akabanwa.

"Immah," akanong'ona, "tumeisha?"

"Sijui. Unajua dada yangu mkubwa kwa nini hajaolewa? Mchumba wake aliteleza kwenye matope mlangoni kwetu, akamshika Mama mkono asianguke. Mkono tu! Mama akasema huyo hapana. Na ilikuwa mvua ya Mungu!"

Basi hapo Austin akafahamu hesabu yake. Jumamosi wazee wake wanapanda ngazi za Kavetsa kumposa Immaculate, msichana aliyempenda tangu siku alipomletea kiti cha saluni kurekebishwa na kumwambia kazi yake ni mbovu. Neno moja la yule aliyejifunika leso, na hao wazee watarudi na chai tumboni na mikono mitupu.

"Afande!" Kavetsa akaita kutoka ukutani.

Afande alikuwa Kitheka. Katika sinema ni Inspekta, nyumbani ni mlinzi wa geti kule Ayany. Tangu apewe pingu za plastiki ameacha kutembea kama watu wengine. Juzi alimsimamisha padri akamuuliza anatoka wapi.

"Naam, Mama."

"Mwambie huyo kijana, yaliyopita yamepita. Sikumjua, na yeye hakunijua. Mungu haandiki dhambi ya asiyejua."

Austin alichungulia juu ya sofa. Immaculate alishusha pumzi.

"Lakini sasa namjua," leso ikaendelea. "Mwambie, akinigusa leo hata kidole, Jumamosi wazee wake wasijisumbue kuja."

"Umesikia?" Kitheka akamwambia Austin, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Nimesikia."

"Amesikia, Mama."

Wote wakatulia. Wote isipokuwa Mbula, ambaye alikuwa anatazama ukurasa wa mwisho wa skripti. Ukurasa huo ulikuwa na mistari mitatu. Mama anakiri. Mtoto anamkumbatia. Polisi wanamchukua.

"Na sasa kumbatio langu?" akauliza.

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Alikuwa Becky, mpangaji mpya wa chumba hicho. Mwenye ploti, Mzee Ndegwa, alikuwa amewapa watu wa sinema chumba mpaka saa kumi jioni, na saa tisa ilikuwa imepita. Becky alikuwa nje na mkokoteni uliobeba kitanda, godoro, jiko na mtungi wa gesi, na alikuwa amechoka.

"Nyinyi mnamaliza saa ngapi? Niko na vitu zangu kwa jua!"

"Dada, tunamaliza sasa hivi," Mbula akasema. "Imebaki kukumbatiana tu."

"Si mkumbatiane basi muende!"

Akafunga mlango kwa nguvu.

"Kubadilisha siku haiwezekani?" Immaculate akauliza.

"Chumba ni hiki, ukuta ni huu, sini zote za nyumbani tumefanya hapa. Ijumaa watu wanaona sinema kwa ukumbi pale Makina. Nitawaonyesha nini? Mama amekiri halafu kila mtu ameenda kwake?"

"Si hiyo pia ni mwisho?" Kitheka akasema. "Mimi nachukua taarifa, naandika kitabuni, nafunga jalada."

"Kitheka, hiyo ni ripoti ya polisi."

"Ripoti ya polisi iko na ubaya gani?"

"Watu hawalii wakisoma ripoti ya polisi!" Mbula alipiga skripti kwenye paja. "Nyinyi mnafikiria hii hadithi ni ya sumu? Sumu ni ya kuita watu waingie. Hadithi ni ya mama na mtoto wake. Mzee ametaka kuuza shamba la watoto, mama amemzuia vibaya, mtoto amebeba lawama miezi yote hiyo. Sasa wamejuana. Wasipokumbatiana, nimepoteza miezi saba."

Ilikuwa hotuba nzuri na hata leso ilitikisika kidogo. Lakini mila ni mila.

"Dairekta," Kavetsa akasema kwa ukuta, "mimi hata ile sababu ya shamba sijawahi kuipenda. Mwanamke wa kwetu haui mume kwa shamba. Anaenda kwa chifu."

"Sasa angemuua kwa nini?"

"Kwa kumwaga uji na kusema haukuwa na sukari. Hiyo miaka thelathini, kila asubuhi."

"Hapo sasa!" akasema Antony.

"Mama, umengoja miezi saba kuniambia hiyo?"

"Hukuniuliza. Na ningekosea, ningeimbishwa."

Saa tisa na nusu. Mbula alitembea chumba kizima mara mbili, akasimama mbele ya Kitheka, akampima kwa macho kutoka kofia mpaka buti.

"Kitheka, toa hiyo shati."

"Kwa nini?"

"Utakuwa Mama. Kwa nyuma tu. Austin atakukumbatia, kamera itaona mgongo."

Haya ndiyo mambo ambayo hufanya wazazi waulize watoto wao walisomea nini. Kavetsa alilivua gauni la Mama Makokha nyuma ya pazia akabaki na nguo zake za kawaida. Kitheka aliingia nyuma ya pazia hilo hilo, akahema, akalalamika, akatoka. Gauni lilifika magotini. Buti zilikuwa nje. Sharubu pia.

"Geuka," Mbula akasema.

Akageuka. Zipu ilikuwa imefika katikati ya mgongo ikakata tamaa.

"Tunaonaje, Antony?"

Antony alitazama kwa kamera kwa muda mrefu. "Dairekta, sitaki kuvunja mtu moyo. Lakini hiyo ni gunia ya makaa imevalishwa."

"Austin, mkumbatie!"

Austin alikwenda akamkumbatia Kitheka. Alijitahidi. Akafunga macho, akasema kwa uchungu, "Mama yangu, Mama yangu," na Kitheka, ambaye hakupewa maneno ya kusema, akampigapiga mgongoni na kujibu kwa sauti nzito, "Sawa, sawa. Tulia sasa."

Gauni likapasuka kutoka kwapa hadi kiunoni.

Dirishani kukasikika kicheko. Becky alikuwa amelaza godoro lake ukutani kwa nje, amepanda juu yake, na anatazama.

"Haki ya nani," akasema, "si mngeniambia ni vichekesho!"

"Ni sinema ya huzuni!" Mbula akapiga kelele.

"Aki pole. Endeleeni."

Kavetsa naye alisikia kitambaa kikipasuka, akasahau kila kitu. "Hiyo gauni nilishona siku mbili! Afande, mwambie Afande..." akasita. "Kitheka! Vua gauni yangu!"

Mambo mengine nitayafupisha, maana mhariri wangu ananihesabia dakika. Walijaribu kuwafunika wote wawili kwa blanketi moja wasigusane, Kavetsa akasema kuwa ndani ya blanketi moja ni kubaya kuliko kugusana. Austin akasema Mama afe kabla ya kumbatio, Immaculate akamuuliza kama anasikia anachosema. Kitheka, amerudi ndani ya shati lake, akasema kwao Machakos zamani mkwe na mama mkwe wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wakamuuliza kichaka kiko wapi Kawangware.

Saa kumi kasorobo.

Mbula aliketi sakafuni. Mimi nimemwandika mwanamke huyu majuma mengi, nimemwona akigombana na askari wa kaunti, nimemwona akiwafukuza mbuzi wa Makina katikati ya onyesho la mauaji, lakini sikuwahi kumwona ameketi sakafuni. Ilinisikitisha.

"Basi," akasema. "Antony, funga vitu. Tumeshindwa."

Wote wakaona aibu. Austin zaidi ya wote. Alikwenda mlangoni, akasimama ameupa mgongo ule ukuta wa mama mkwe wake. Kitheka alikuwa katikati ya chumba anatafuta kofia yake.

"Afande," Kavetsa akasema polepole, uso bado umefunikwa, "mwambie huyo kijana aende akapumzike. Ameteseka na mimi kutwa nzima."

Kitheka akamgeukia Austin. "Anasema uende upumzike. Umeteseka na yeye."

"Afande, mwambie Mama sijateseka. Aliyeteseka ni yeye."

Kitheka akageukia ukuta. "Anasema aliyeteseka ni wewe."

Mbula aliinua kichwa. Alimwona mama ameelekea ukuta, leso usoni. Alimwona mtoto mlangoni, mgongo huku. Na katikati yao alimwona polisi, anapeleka maneno na kurudisha. Akamfinya Antony mguu. Antony, ambaye kwa mara ya kwanza katika miezi saba hakuuliza swali, akawasha kamera.

"Endeleeni," Mbula akanong'ona. "Hivyo hivyo. Mama, kiri."

Kavetsa alielewa mara moja. Huyu mama ameigiza Mariamu na Herode kanisani, usimchezee.

"Afande," akasema, na sauti ilikuwa nyingine, "mwambie mwanangu. Ule uji niliukoroga mimi."

Kitheka akaelekea mlango. "Anasema... ule uji. Ni yeye."

"Mwambie baba yake aliumwaga kila asubuhi miaka thelathini. Siku hiyo nilisema, leo hataumwaga. Leo ataunywa wote."

"Anasema siku hiyo aliunywa wote."

Austin hakugeuka. Mabega yake yalianza kutetemeka, na hayakuwa yameandikwa kwenye skripti.

"Afande, mwambie Mama nilijua. Niliona mwiko. Niliuosha mimi."

Kitheka alifungua mdomo apeleke maneno hayo. Mtu anayesimamisha mapadri alikuwa analia. "Mama," akasema, "anasema aliuosha mwiko."

Dirishani, Becky alikuwa amejifuta macho kwa ncha ya shuka lake jipya. Immaculate alikuwa ameshika kifuniko cha hotpoti kifuani. Hata mimi, nikiandika hapa, nimesimama kidogo nikanywa maji.

Mbula alikuwa na mwisho wake. Lakini mwelekezi ni mtu wa tamaa. "Ingekuwa tu na kumbatio," akanong'ona.

Kavetsa naye alikuwa ameguswa. Sio Mama Makokha, Kavetsa. Alisahau kamera, akasahau uji.

"Afande, muulize huyu kijana amelelewa na nani. Adabu kama hii hainunuliwi Toi."

"Umelelewa na nani?"

"Mwambie ni mama yangu. Tulikaa Lindi ya Kibera tukiwa wadogo, lakini yeye ni wa Maragoli. Baba ndiye wa Bungoma."

"Mama yake ni wa Maragoli."

Leso ikageuka kidogo. "Maragoli wapi?"

"Maragoli wapi?"

"Pale juu, karibu na kinu cha kusaga mahindi. Anaitwa Minayo."

Kavetsa akashika ncha ya leso.

"Muulize ukoo gani."

Austin akautaja. Mimi siutaji hapa. Wiki ya nne nilitaja ukoo mmoja tu, nikapigiwa simu na watu kumi na saba, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu.

Ijulikane kwamba swali hilo halikuwa limeulizwa kabla. Wazee waliuliza ukoo wa baba, wakaridhika. Wa mama hakuna aliyeukumbuka. Na vijana wenyewe walipokutana walipeana namba za simu.

Leso ilianguka chini.

Kavetsa aligeuka akamtazama Austin usoni, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajue jina lake. "Afande," akasema, "toka hapo katikati."

Kitheka akatoka. Kavetsa akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Immaculate akasema, "Mama, unafanya nini?" Austin aligeuka, akamwona, akarudi nyuma mpaka mlango ukamgonga kisogo. Akainua mikono juu kama aliyekamatwa, asije akamgusa hata kidole.

Kavetsa akamkumbatia.

Akamkumbatia kabisa, kwa nguvu za mtu anayekanyaga cherehani tangu ujana wake, akaegemeza shavu kifuani pake na kulia. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu kabisa."

Mbula alikuwa amemshika Antony bega mpaka Antony akauma meno. Hakupumua. Alihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Kata!"

Chumba kikalipuka kwa vifijo. Becky alipiga makofi dirishani hadi godoro likateleza naye. Kitheka alimkumbatia Antony na Antony akamkubalia. Mbula aliruka, akalia, akacheka, akasema hiyo ndiyo sinema, hiyo ndiyo sinema, na saa ilikuwa kumi kamili.

Austin peke yake hakufurahi. Mikono yake ilikuwa bado juu.

"Mama," akasema, kwanza akimtafuta Kitheka ampelekee maneno, kisha akaamua kusema mwenyewe, "umenikumbatia. Na Jumamosi? Ulisema..."

"Nilisema na nasema tena. Mama mkwe hakumbatiwi."

"Sasa?"

"Sasa mimi si mama mkwe." Kavetsa alikuwa anatabasamu machozi yakitiririka. "Minayo ni dada yangu wa ukoo! Tulichota maji kisima kimoja mimi na yeye, alipoolewa Bungoma nililia siku tatu. Wewe ni mtoto wa ukoo wetu. Mimi ni mama yako mdogo. Nani atanikataza kukukumbatia?"

Na akamkumbatia mara ya pili, na hiyo haikuwa ya kamera, ingawa Antony aliichukua.

Austin alishusha mikono. Polepole akaizungusha mgongoni mwa mama yake mdogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, nayo ilimkaa usoni kwa muda wa kutosha mtu kupiga chafya mara moja. Kisha, juu ya bega la Kavetsa, akamwona Immaculate.

Immaculate hakuwa amepiga makofi. Alikuwa amesimama kando ya sofa, ameshika kifuniko, na alikuwa anafikiria. Alikuwa mtu wa kwanza chumbani humo kufikiria.

"Mama," akaita.

"Eh, mwanangu."

"Huyu ni mtoto wako?"

"Kabisa! Wa ukoo wangu mwenyewe!"

"Na mimi ni mtoto wako?"

"Sasa hilo ni swali gani..." Kavetsa akaanza, na hapo akakoma. Mikono yake ikalegea mgongoni kwa Austin, lakini haikutoka, kwa sababu haikujua iende wapi. Mbula aliacha kuruka. Kitheka akavua kofia.

Immaculate alimtazama mama yake, akamtazama Austin.

"Wazee wanakuja Jumamosi," akasema. "Mniambie tu niwapikie chai gani. Wanakuja kunioa, ama wanakuja kumsindikiza kaka yangu nyumbani?"